Vijana wangu kazini wananijibu "sawa bosi" tu, hakuna anayenieleza ukweli. Nimekosea wapi?

Ghalani · #1
Wakuu, heshima zenu.

Mimi ni msimamizi wa ghala la vigae hapa Dar, upande wa Vingunguti. Nilianza kama mpakiaji, nikawa mtunza stoo, na mwaka huu mwezi wa pili nikapewa usimamizi. Chini yangu wapo vijana kumi na wanne, sita wa mkataba na wanane vibarua. Kabla sijapanda tulikuwa tunakula pamoja na kutaniana, na mtu akiona kosa anapiga kelele "oya, hiyo siyo!" Sasa hivi nikiingia ghalani panakuwa kimya. Nikisema lolote jibu ni lilelile: "Sawa bosi."

Kilichonifanya niandike ni tukio la wiki tatu zilizopita. Tulikuwa na oda ya Dodoma, maboksi 320 ya 60 kwa 60. Kwa wasiojua, kila boksi la vigae lina namba ya shedi imegongwa ubavuni. Vigae vya jina moja na rangi moja vikichomwa siku tofauti vinapishana kidogo. Ukishika kimoja kimoja huoni kitu, ila vikishalazwa sakafuni na jua likaingia dirishani, mstari unajitokeza. Ndiyo maana oda moja lazima itoke shedi moja. Siku hiyo ofisi walikuwa wameshanipigia simu mara nne, dereva wa lori ananung'unika, nikawaambia pakieni. Wakapakia. Fundi wa Dodoma alishalaza nusu ukumbi ndipo akaona. Mzigo ukarudi, gharama juu yetu.

Usiku ule saa nne nikaandika kwenye kundi la WhatsApp la ghala, nikamtaja kijana mmoja kwa jina mbele ya wote. Huyu ndiye mwenye jicho kuliko wenzake, nimemfundisha mwenyewe. Niliandika maneno ambayo sitayarudia hapa. Kesho yake nikamwita, nikamuuliza ilikuwaje hukuona shedi mbili? Akanijibu huku anaangalia viatu vyake: "Niliona bosi. Ila ulisema tupakie."

Hayo maneno yananinyima usingizi. Aliona. Alikuwa amesimama hatua mbili kutoka nilipokuwa. Watu wanasema sijui akili hisia, sijui mawasiliano kazini. Mimi nataka kujua kitu kimoja: mtu ameona kosa, anakaaje kimya? Na mimi nifanye nini ili aseme?

Kitunguu Maji · #2
Nakaa hapa nasubiri wajuzi.

Mzee wa Kaunta · #3
Mdogo wangu, jibu umeliandika mwenyewe, hujaliona tu. Umemtaja kwa jina, saa nne usiku, mbele ya wenzake kumi na watatu, na simu pengine alikuwa ameishika mkewe. Mtu mzima ukimvua nguo hadharani hakusamehi kwa sababu umemwita pembeni kesho yake.

Nimekaa kaunta ya benki miaka 22, kumi ya mwisho nikiwa kiongozi wa kaunta. Kosa la mtu nilikuwa nalifungia kwenye droo mpaka jioni tubaki wawili. Sifa nazitoa asubuhi, wote wakiwa wamesimama, kabla mlango haujafunguliwa.

Chuma Reli · #4
Mzee wa Kaunta, kwa heshima zote, rudia kusoma. Kijana alikaa kimya KABLA ya kutukanwa. Maboksi yamepakiwa mchana, ujumbe umeandikwa usiku. Kwa hiyo kundi la WhatsApp haliwezi kuwa sababu ya kimya cha mchana. Kimya kilikuwepo tayari.

Mimi sababu naiona hapa: "sita wa mkataba na wanane vibarua". Kibarua analipwa siku kwa siku. Akikwambia umekosea, kesho getini anaambiwa leo kazi hakuna. Hapo usizungumzie hisia, zungumzia ugali.

Ghalani · #5
Mzee, shikamoo, nimekuelewa. Chuma Reli, umenigusa, ila kijana ninayemsema ni wa mkataba, mwaka wa pili huu.

Mzee wa Kaunta · #6
Marahaba. Chuma Reli kanishika kwenye saa, nakubali. Lakini nina shaka kama ile ilikuwa mara ya kwanza. Ghalani, jikumbushe: hakuna siku alikukosoa ukamjibu vibaya?

Ghalani · #7
Mzee...

Mwezi wa tatu. Kijana huyohuyo aliniambia mbele ya meneja kwamba hesabu yangu ya stoo imepishana maboksi sita. Nilimwambia "fanya kilichokuleta hapa". Na hesabu kweli ilikuwa imepishana. Nilikuwa nimeshasahau kabisa mpaka uliponiuliza.

Kitunguu Maji · #8
Hapo sasa. Wewe umesahau, yeye hajasahau.

Nesi wa Zamu · #9
Habari zenu. Nimesoma nikajiona, maana mimi ni huyo kijana, tofauti ni kwamba kwangu hakuna vigae.

Miaka ya nyuma, hospitali siitaji, daktari bingwa aliandika dozi ya mtoto. Nikaona kama nukta imekaa pabaya, mara kumi zaidi. Nikamsogelea nikasema, "Daktari, hii iko sawa?" Naomba mwone nilivyouliza. Sikusema dozi ni kubwa, wala sikutaja uzito wa mtoto. Nimeuliza kama mtu anayeomba ruhusa ya kupita. Akajibu bila kuinua kichwa, "Fanya kama ilivyoandikwa." Nikasema sawa, nikatoka, nikapitia mlango wa nyuma kwa mfamasia, na mfamasia ndiye aliyempigia simu. Mtoto akapona. Lakini siku hiyo mfamasia angekuwa hayupo?

Baadaye nikajifunza kwamba hili si la kwetu tu. Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya usalama wa upasuaji mwaka 2008, vipengele 19. Kimojawapo kinataka kabla ya kupasua, kila aliyemo chumbani ataje jina lake na kazi yake. Mtu anaweza kuona ni jambo dogo. Lakini aliyekwisha kutoa sauti yake mara moja chumbani, mara ya pili haimpi shida. Ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, na mojawapo ilikuwa kwetu, Ifakara. Matokeo yalichapishwa 2009: vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo mengine kutoka 11 hadi 7.

Kaka Ghalani, kwa nini usifanye hivyo kabla ya kila lori? Mmoja asome shedi kwa sauti, mwingine airudie. Hapo hakuna anayemkosoa bosi, kila mtu anafanya kazi yake.

Chuma Reli · #10
Nesi, hili la mtu mmoja kusoma na mwingine kurudia nimelipenda kuliko yote yaliyosemwa humu.

Semina Kila Wiki · #11
Mleta uzi, tatizo lako lina jina, ni upungufu wa akili hisia, iliyogunduliwa na Daniel Goleman mwaka 1995. Ina nguzo zake: kujitambua, kujimudu, kuwaelewa wengine, kuhusiana na watu. Kumbuka pia asilimia 93 ya mawasiliano ni mwili na sauti, maneno ni asilimia 7 tu. Kwa hiyo hata ukisema maneno mazuri, kama uso umekunjamana umeshawafukuza. Anza na uso.

Daftari la Saikolojia · #12
Mkuu Semina, nia yako njema, ila mambo mawili yanahitaji kurekebishwa kabla watu hawajayabeba.

La kwanza, Goleman aliieneza kwa kitabu chake cha 1995, lakini hakuigundua. Peter Salovey na John Mayer, wanasaikolojia wa Marekani, waliandika makala ya kitaaluma juu yake mwaka 1990. Wao waliitazama kama uwezo: kuzitambua hisia, zako na za mwenzako, na kuzitumia katika kufikiri. Ilivyokuja kuuzwa kwenye semina ni pana zaidi ya hapo.

La pili ni hiyo asilimia 93. Inatoka kwa Albert Mehrabian, majaribio ya 1967. Alikuwa anapima jambo jembamba sana: mtu anapotamka neno linaloonyesha kupenda au kuchukia, na sauti au uso ukapingana na neno lenyewe, msikilizaji anaamini kipi? Hakusema kila mazungumzo yako hivyo. Ingekuwa hivyo, kwa kuwa sauti peke yake ilipewa asilimia 38, redio ya kigeni ungeielewa kwa asilimia karibu arobaini bila kujua lugha.

Na kwenye suala la Ghalani maneno ndiyo yaliyoumiza. WhatsApp haina uso.

Semina Kila Wiki · #13
Asante kwa sahihisho, nimelichukua. Ile 93 nimeisikia kwa wakufunzi watatu tofauti. Kuhusu uso sibadilishi, mimi bado nasema aanze na uso.

Bawa la Kulia · #14
Mimi niko kwenye mambo ya ndege. Huko kwetu kimya cha "bosi kasema" kimeua. Tenerife, kisiwa cha Hispania, 1977, ndege mbili kubwa, ya KLM na ya Pan Am, ziligongana uwanjani kwenye ukungu, wakafa watu 538. Rubani mkuu wa KLM alikuwa mwalimu wa marubani, jina kubwa katika shirika. Alipoanza kukimbiza ndege, fundi wa ndani, yule anayekaa na marubani, akauliza, je, ile Pan Am bado haijatoka njiani? Rubani akajibu kwa uhakika kuwa imeshatoka. Fundi hakuuliza tena. Ilikuwa haijatoka.

Baada ya ajali za namna hiyo mashirika yakaanza kuwafundisha marubani wasaidizi namna ya kumpinga mkubwa kwa hatua. Unaanza kwa kueleza unachokiona, kisha unaeleza hofu yako, kisha unapendekeza la kufanya. Asiposikia, unachukua hatua mwenyewe. Na mkubwa naye anafundishwa kupingwa, na hiyo nusu ya pili ndiyo ngumu.

Daftari la Saikolojia · #15
Ni watu 583, mkuu, tarakimu zimepinduka. Machi 27, 1977. Mengine yote uko sahihi.

Bawa la Kulia · #16
583, kweli. Asante.

Kitunguu Maji · #17
Ukitazama swali la yule fundi na swali la Nesi kwenye #9, ni ndugu. Wote wameuliza, hakuna aliyesema "simama".

Mtoto wa Likoni · #18
Salaam kutoka Mombasa. Naona mnaongea kama neno "sawa" lina maana moja. Mimi nimefanya kazi Arusha miaka minne, na timu yangu ilikuwa nusu Wakenya wa Nairobi, nusu Watanzania. Ugomvi wa kwanza ulikuwa juu ya "nipe". Jamaa wa Nairobi alimwambia mhasibu, "Nipe hiyo risiti." Kwake hiyo ni sentensi ya kawaida kabisa. Mhasibu, mama wa makamo kutoka Moshi, hakusema neno, akampa. Kwa wiki mbili akampa kila kitu kwa kuchelewa. Siku tulipomuuliza akasema, "Huyu kijana hajui kuomba." Kwao ni "naomba risiti", hata kama risiti ni yako mwenyewe.

Na upande wa pili: Mtanzania akiulizwa "utamaliza Ijumaa?" anasema "sawa, nitajitahidi". Wa Nairobi anaandika Ijumaa kwenye ripoti. Mtanzania mwenzake anajua hapo ameshaambiwa hapana.

Shanga za Lamu · #19
Likoni, usitutie kapu moja na Nairobi. Huku Lamu "nipe" kavu unaambiwa umekosa malezi.

Mtoto wa Likoni · #20
Ndiyo maana nimesema wa Nairobi, bibiye. Sisi wa pwani tunajuana.

Ghalani · #21
Likoni, hili la "nitajitahidi" limenishtua. Nimerudi kwenye kundi kuangalia. Siku ya ile oda, saa sita na dakika kumi, niliandika "lori lipakiwe kabla ya saa nane". Kijana aliandika "Sawa bosi, ngoja tuangalie." Niliona "sawa", nikaishia hapo. Sasa naona "ngoja tuangalie".

Dada wa Maskati · #22
Nimesoma yote na kuna kitu kinanikera, niseme. Mnazungumza kana kwamba hao vijana wanakosa akili hisia na bosi ndiye atawafundisha. Jamani, wao wanayo kuliko sisi wote! Kijana wa ghala anamsoma bosi tangu getini. Anajua leo kaamka na nani, kapigiwa simu na nani, ni saa ya kumsogelea au ya kumkwepa. Hicho kimya kimetokana na kumsoma bosi kwa usahihi.

Mimi niko mapokezi ya hoteli, mwaka wa saba huku Oman. Natabasamu saa nane kwa siku kwa watu ambao wengine hawajibu salamu. Mwaka 1983 mwanasosholojia wa Marekani, Arlie Hochschild, aliwaandika wahudumu wa ndege, akaonyesha kwamba kuzivalisha hisia zako sare ya kampuni ni kazi kama kazi nyingine, inachosha na inauzwa. Niliposoma nililia, kwa sababu nilidhani nachoka miguu tu. Aliye chini ndiye anayelipia hiyo kazi kila siku. Aliye juu akinuna, ananuna bure.

Kwa hiyo kaka Ghalani, usiulize utawafundishaje kusema. Jiulize wakikusoma wanaona nini.

Nesi wa Zamu · #23
Dada, umesema. Mkono wangu huo.

Mzee wa Kaunta · #24
Hili la wa Maskati ndilo sikuwahi kulifikiria kwa miaka yote 22. Sikuwahi kujiuliza kama wale mabinti wa kaunta walikuwa wananisoma. Walikuwa wananisoma.

Sheria Mkononi · #25
Swali la pembeni kwa mleta uzi. Saa nne usiku unaandika mambo ya kazi. Hao vijana wanatoka saa ngapi? Na ovataimu inalipwa?

Ghalani · #26
Kuingia saa moja asubuhi, kutoka rasmi saa kumi na moja. Lori likichelewa wanakaa mpaka saa mbili usiku. Ovataimu ya miezi miwili ofisi haijatoa. Nimeshaipeleka mara tatu.

Sheria Mkononi · #27
Basi mnatafuta mbali. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa 45 kwa wiki, zisizidi 9 kwa siku. Zinazozidi hapo zinalipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara, na zenyewe zina kikomo, saa 50 katika kipindi cha wiki nne. Mtu anayekudai miezi miwili unataka akuokoe kwenye shedi? Kwa nini? Kimya chake ni mgomo usiokuwa na bango. Lipeni kwanza, halafu ndipo mje na masomo ya hisia.

Semina Kila Wiki · #28
Hapana, mkuu. Nimeona ofisi zinazolipa vizuri na kwa wakati, na watu wake ni mabubu wakiingia kikaoni. Pesa inamleta mtu kazini, lakini haimfungui mdomo.

Sheria Mkononi · #29
Na mimi nimeona Tume ya Usuluhishi na Uamuzi watu waliokuwa mabubu miaka mitano wakiongea saa mbili mfululizo bila kupumzika. Walikuwa na maneno siku zote. Hawakuwa na mahali pa kuyasemea.

Mtoto wa Likoni · #30
Kwetu Kenya sheria ya ajira ya 2007, kifungu cha 41, inamtaka mwajiri kabla ya kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mwenzake pembeni, na amsikilize. Huwa nasema: kama kumfukuza mtu kunataka lugha anayoielewa, kumkosoa je?

Chuma Reli · #31
Nesi, narudi kwenye ile orodha yako ya #9. Nimeisoma zaidi. Kuna utafiti wa Ontario, Kanada, 2014, hospitali 101, na baada ya kuilazimisha orodha hiyohiyo hawakuona vifo kupungua kwa kiwango cha maana. Kwa hiyo je, ni orodha au ni watu?

Nesi wa Zamu · #32
Nimefurahi umeuleta. Mimi nilichokiona kwa macho yangu ni hiki: orodha ikiwa karatasi ya kuweka alama, watu wanaweka alama huku mgonjwa ameshalala. Ikisomwa kwa sauti, na mkubwa akawa wa kwanza kutaja jina lake, chumba kinabadilika. Kuna mtafiti wa Marekani, Amy Edmondson, miaka ya 90 alipima makosa ya dawa wodini akitegemea timu zinazoelewana zitakuwa na makosa machache. Akakuta zinaripoti mengi zaidi. Ilimchukua muda kuona kwamba hao hawakukosea zaidi, walikuwa wanasema zaidi.

Ghalani, ukianza kusikia makosa mengi ghalani kwako, usiogope.

Kijiti · #33
Naomba kuchepuka kidogo. Kuna tofauti kati ya "sawa", "sawa." yenye nukta, na kidole gumba? Bosi wangu ananitumia kidole gumba tu, sijui kama kafurahi au kanichoka.

Kitunguu Maji · #34
Gumba la mtu wa miaka 55 ni asante. Gumba la mtu wa miaka 25 ni kwaheri.

Mzee wa Kaunta · #35
Mimi nina 61 na gumba langu ni asante. Sikujua linasomwa vingine. Kumbe nimewaumiza wajukuu.

Kijiti · #36
Basi nimepumua, bosi wangu ana 58.

Dada wa Maskati · #37
Turudi kwa Ghalani. Umeshamwomba msamaha?

Ghalani · #38
Bado. Na hapa naomba mnisaidie. Nimemtukana kwenye kundi. Nimwombe radhi kwenye kundi au tukiwa wawili?

Mzee wa Kaunta · #39
Wawili. Ukiomba radhi mbele ya kumi na wanne, kesho watakupanda kichwani. Msimamizi lazima abaki na kimo chake.

Dada wa Maskati · #40
Mzee wangu, hapo sikubaliani nawe. Aibu ilikuwa ya hadhara, radhi ya chumbani haiwezi kuifuta. Wenzake kumi na watatu wamesoma tusi. Wao watajuaje kwamba limefutwa?

Bawa la Kulia · #41
Kwanza wawili, halafu umuulize yeye mwenyewe kama angependa uandike kwenye kundi. Wengine ukiwarudisha mbele ya watu mara ya pili, hata kwa wema, unawaumiza upya.

Mtoto wa Likoni · #42
Bawa kasema. Na usiseme "samahani kama nilikuumiza". Hilo "kama" linaharibu kila kitu. Taja ulichoandika.

Chuma Reli · #43
Na umweleze pia habari ya mwezi wa tatu, yale maboksi sita. Hiyo ndiyo inayodaiwa zaidi, naamini.

Ghalani · #44
Nimewasikia. Nitaleta mrejesho.

Kitunguu Maji · #45
Wiki imepita, mleta uzi katuacha.

Ghalani · #46
Sijawaacha wakuu. Mrejesho huu hapa.

Jumatatu nilifika saa kumi na mbili na nusu, nikamkuta kwa mama ntilie wa nje ya geti. Nikaagiza chai na chapati mbili, tukakaa benchi moja. Nikamwambia niliyoyaandika kwenye kundi, neno kwa neno, na kwamba hakustahili hata moja. Nikamwambia pia ya mwezi wa tatu: maboksi sita yalikuwa sita kweli, na alikuwa sahihi. Alikuwa anamenya chapati vipande vidogovidogo bila kula. Mwisho akasema, "Sawa bosi."

Nilikufa moyo. Nikamuuliza kama angetaka niandike kwenye kundi. Akasema hapana, halafu akasema, "Ile ya maboksi sita ungemwambia meneja." Sikuitegemea hiyo. Nimemwambia meneja siku hiyohiyo saa nne, kijana akiwepo.

Jumanne tukaanza utaratibu wa Nesi. Mmoja anasoma shedi ya kila peleti kwa sauti, mwingine mlangoni anairudia, na mimi naisoma ya kwanza. Siku ya kwanza walikuwa wanacheka. Jumatano hawakucheka.

Alhamisi ofisi wakatoa ovataimu yote ya miezi miwili.

Ijumaa, tunapakia mzigo wa Singida, kijana akainua mkono akasema kwa sauti mpaka dereva akageuka: "Bosi, simamisha. Peleti ya tatu siyo hii."

Dada wa Maskati · #47
Alhamdulillah. Kaka, machozi yamenitoka. Ulimwengu ungekuwa na wasimamizi kumi kama wewe!

Sheria Mkononi · #48
Alhamisi imelipwa, Ijumaa kaongea. Sina la kuongeza.

Nesi wa Zamu · #49
Na Jumanne mlianza kusoma kwa sauti, mkuu Sheria, usiiruke Jumanne.

Mzee wa Kaunta · #50
Na Jumatatu benchi.

Chuma Reli · #51
Kwangu ni Jumatatu saa nne, mbele ya meneja. Ghalani, wewe uliyekuwepo unaona ni ipi?

Ghalani · #52
Sijui, mkuu. Nimejaribu kumuuliza, akatabasamu.

Kijiti · #53
Samahani, hamjauliza cha maana. Ile peleti ya tatu ilikuwa kweli siyo yenyewe?

Ghalani · #54
Ilikuwa yenyewe. Yeye ndiye alisoma mstari wa oda nyingine. Tulisimamisha dakika kama nane, tukaangalia shedi boksi kwa boksi, dereva anapiga honi. Nikamwambia asante, na ya nne uiangalie hivyohivyo. Akaenda kuiangalia.